Setilaiti ilinidanganya Tanga: shamba la mkonge lililokufa ni la kijani kuliko lililo hai

Ramani_Mbichi (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni mrefu, asiye na muda aweke alama arudi jioni.

Kazi yangu ni ramani. Miaka michache nyuma nilipewa kibarua cha kuangalia kwa setilaiti mashamba makubwa ya mkonge upande wa Muheza, Korogwe na Pangani, niseme lipi linalimwa na lipi limetelekezwa, yaani yale ambayo ofisini huitwa mashamba pori. Aliyenipa kazi simtaji, na wala hana kosa. Alinipa mipaka, akanipa wiki tatu, mimi nikajifungia ndani na laptopu na bando la usiku.

Nikafanya kile ambacho yeyote aliyepitia kozi ya wiki mbili angefanya. Nikashusha picha za Sentinel-2, zile za Ulaya zinazotolewa bure, pikseli yake, yaani kitone kimoja cha picha, ni mita 10 kwa 10. Nikapiga hesabu ya NDVI. Kwa wasioijua: jani lenye afya linameza mwanga mwekundu na kuurudisha juu mwanga wa infraredi ambao jicho letu haliuoni. Chukua infraredi utoe nyekundu, gawanya kwa jumla ya hizo mbili, unapata namba. Udongo mtupu unabaki chini karibu na 0.1 au 0.2, kichaka kilichoshiba mvua kinafika 0.7 na kupita. Nikajiambia: namba kubwa, shamba hai, namba ndogo, limeachwa. Nikapaka rangi. Ramani ikatoka nzuri, ya kutundika ukutani.

Halafu nikaenda site.

Bloku ya kwanza niliyoiandika "imeachwa" nikakuta vijana na majembe wanapalilia mkonge wa mwaka wa pili, mistari imenyooka kama imepigwa kamba ya fundi mwashi. Palizi safi, udongo mwekundu unang'aa. Ndio huo udongo setilaiti iliouona. Mkonge kwenye mashamba makubwa unapandwa jozi jozi: mstari na pacha wake wameachana kama mita moja, halafu njia pana ya mita tatu na nusu mpaka nne, ndipo jozi nyingine. Pikseli moja ya mita 10 inakula jozi mbili, na sehemu kubwa iliyobaki ni udongo. Kwa hiyo shamba changa linalotunzwa vizuri, lisilo na jani la gugu, linaonekana juu kama jangwa. Kadiri msimamizi anavyokuwa mkali wa palizi, ndivyo mimi nilivyozidi kumwandikia kwamba ametoroka.

Bloku ya pili ndiyo iliyonifedhehesha. Hii niliiandika "hai, hali nzuri sana". Nilifuatana na mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye korona ujanani (kwa wasio wa Tanga, korona ni mashine ya kuchakata majani ya mkonge kutoa singa, yaani nyuzi, ilikuwepo kabla ya ule ugonjwa). Barabara ikaisha. Mbele yetu ukuta wa lantana na miarobaini. Nikatazama GPS, nikamwambia, mzee wangu, hapa tumesimama katikati ya mkonge. Akacheka mpaka akakaa kwenye kisiki.

"Mjukuu wangu, mkonge umo humo humo. Ingia ukauamkie."

Tukaingia na panga. Hatua kama thelathini hivi upupu ukanipata shingoni, nikaanza kujikuna kama mbuzi kwenye ua. Mzee hana habari, anasonga. Na kweli tukaukuta. Mlingoti wa maua umekauka, umeangukia pembeni. Chini yake shina limeoza, na maotea mawili matatu yaliyokosa jua, majani membamba kama ya nanasi la kuibia. Mzee akayagusa kwa ubapa wa panga. "Hapa majani hayajakatwa tangu korona inyamaze."

Nikamuuliza ilinyamaza lini. Akasema hakumbuki mwaka, anakumbuka mtoto wake wa nne alikuwa anatambaa.

Usiku ule gesti, nimejipaka mafuta ya nazi shingo nzima, nikaifuta ramani na kuanza upya na swali lingine. Badala ya kuuliza "kuna kijani kiasi gani?", nikauliza "mara ya mwisho udongo wa hapa kuonekana ni lini?"

Sababu ni tabia ya mkonge wenyewe. Unaanza kukatwa ukiwa na miaka miwili na nusu mpaka mitatu. Unaendelea kukatwa mpaka kama miaka kumi, kumi na miwili, kisha unatoa mlingoti wa maua, unazaa vimiche juu kwenye matawi ya mlingoti, halafu unakufa. Hauchanui mara ya pili. Mwenye shamba anayetaka kuendelea hana ujanja: atang'oa visiki, atalima, atapanda upya. Siku hiyo bloku nzima inavuliwa nguo, kingo zake zimenyooka, na picha za angani zinaonyesha udongo mwekundu kwa mwaka mzima au zaidi. Mimi nakiita kidonda. Shamba hai lina vidonda, bloku hii mwaka huu, ile mwaka unaofuata, kila moja kwa zamu. Shamba ambalo hujaona kidonda chochote kwa miaka ishirini halina mkonge wa kukatwa, hata likiwa kijani kama parachichi.

Hapo Sentinel-2 haikutoshi, maana ya kwanza ilirushwa 2015. Ukitaka miaka ishirini na zaidi unarudi kwa Landsat ya Wamarekani, mita 30, nayo ni bure tangu 2008. Picha za Landsat za miaka ya 80 na 90 kwa pande zetu ni za kuokoteza, lakini kuanzia 1999 ilipopanda Landsat 7 unaanza kupata kila mwaka. Ina ulemavu wake: Mei 2003 kifaa kimoja kiliharibika, tangu hapo kila picha ina michirizi myeusi kama pundamilia na karibu asilimia 22 ya eneo inapotea. Landsat 8 ya 2013 ndiyo ilituponya. Nilikusanya picha zote za miezi mikavu, Januari na Februari, pamoja na Julai mpaka Septemba, nikachukua kwa kila pikseli thamani ya chini kabisa ya NDVI ya kila mwaka. Hiyo ya chini ndiyo inayokamata kidonda.

Jambo la pili niliokota njiani: mkonge hauna papara. Mvua ikinyesha haushangilii, jua likiwaka haulii. Mstari wake kwenye grafu umelala. Kichaka na majani vinapanda masika, vinashuka kiangazi, vinapanda tena vuli. Bloku yenye mawimbi makubwa kila mwaka na isiyo na kidonda, hapo nilianza kuandika "imeachwa" bila mkono kutetemeka.

Nimeleta hapa kwa sababu najua humu kuna wapimaji, wakulima, na watu wa Tanga wenyewe. Nikosoeni.

Chai_ya_Rangi

Mkuu bila picha hii ni chai.

Ramani_Mbichi

Picha sitaweka. Ukiweka bloku moja tu humu, watu wa Tanga dakika mbili wameshajua ni shamba la nani, na kesho kuna mtu anauza ekari "zilizothibitishwa na setilaiti". Ningekuwa nakudanganya ningeiweka.

Chai_ya_Rangi

Sawa, nakaa na kikombe changu.

Mjukuu_wa_Manamba

Umenikumbusha mbali. Babu yangu aliletwa kwa mkataba akiwa kijana, hakurudi kwao. Watu wengi hawajui kwamba mkonge wote huu ulianza na miche 62. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, ilipofika hapa iliyobaki hai ilikuwa hiyo 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, tunaongoza dunia. Mwishoni mwa miaka ya 90 tulikuwa tunazungukia tani 20,000.

Kwa hiyo mkuu unapotafuta shamba lililoachwa, kumbuka hayakuachwa siku moja. Kamba za plastiki zilianza kuua bei miaka ya 60, ikaja kutaifishwa baada ya Azimio 1967, halafu ubinafsishaji wa miaka ya 90. Kuna shamba lilikufa kabla Landsat 7 haijazaliwa. Hilo kidonda chake utakiona wapi?

Ramani_Mbichi

Hapo umenishika pabaya, na ndipo pana utamu. Kuna korona nyingine. Corona, mradi wa siri wa Wamarekani wa satelaiti za ujasusi, ulipiga picha kuanzia 1960 mpaka 1972. Zilikuwa filamu kweli kweli: mkanda unashushwa kutoka angani ndani ya kapsuli yenye parachuti na ndege inaudaka ukiwa bado hewani. Siri ilifunguliwa 1995, na leo unatafuta picha hizo kwenye tovuti ya USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani. Zilizokwisha kuskaniwa ni bure, nyingine unalipia ziskaniwe. Si kila mahali walipapiga, walikuwa wanatafuta makombora ya Warusi, si korona zetu. Lakini ukibahatika eneo lako likawemo na mawingu hayakuwepo, unaona mistari ya bloku, reli za trole na kambi za wafanyakazi, nyeusi na nyeupe, wakati mkonge uko kileleni. Mimi kwa shamba moja nilibahatika. Nilipomwonyesha yule mzee kwenye simu, alikuza akakuza, akaniambia "hapa ndipo tulipokuwa tunapokelea posho".

Nyota_ya_Kaskazini

Mimi nilisoma Urusi, mambo haya yanafundishwa sana kule, maana baada ya Sovieti kuvunjika 1991 mamilioni ya hekta za mashamba ya pamoja zilibaki hazina mwenyewe. Tulipelekwa mahali palipokuwa na shamba la ngano, tukakuta msitu wa miti ya betula, yote ya urefu mmoja kama darasa la watoto wa rika moja. Ukikata mmoja ukahesabu pete zake unajua mwaka shamba lilipoachwa. Kwao ni rahisi: ngano inalimwa, udongo unaonekana kila mwaka, ukikosa udongo miaka kadhaa mfululizo umeshajua. Wanatumia hata MODIS, kifaa cha setilaiti za Wamarekani chenye pikseli ya mita 250, kwa sababu mashamba yao ni makubwa kama wilaya.

Nilikuja na akili hiyo nyumbani, nikaijaribu Kilosa. Nilitoka jasho. Pikseli moja ya MODIS inakula mahindi ya watu saba, kichuguu na njia ya ng'ombe.

Bikoni_Haing'oki

Swali la kitaalamu. Kwa nini hutumii programu ya LandTrendr? Inachukua pikseli moja, inaifuata mwaka hadi mwaka kwenye Landsat, inaukata mstari wa grafu yake vipande vipande na kukuambia mwaka wa kushuka na mwaka wa kuanza kupanda. Iko tayari ndani ya Google Earth Engine, huduma ya Google ya kuchakata picha za setilaiti mtandaoni, huhitaji kushusha picha hata moja. Kidonda chako ndicho hasa inachokitafuta.

Pili, rada. Sentinel-1 inaona kupitia mawingu, na Tanga chini ya Usambara mawingu ni ndugu wa ukoo.

Ramani_Mbichi

LandTrendr niliijaribu baadaye, na ndiyo ninayoitumia sasa. Shida yake kwetu ni miaka yenye picha mbili tatu tu safi. Wingu dogo lisilofutwa au kivuli chake linageuka "mshuko", programu inakuandikia kidonda ambacho hakikuwepo. Nililazimika kukagua kwa macho bloku kwa bloku.

Rada, nusu nakubali. Mawimbi ya Sentinel-1 ni mafupi, yanagonga majani ya juu na kurudi. Mkonge uliokomaa nao ni msitu wa mikuki iliyojaa maji, unarudisha mawimbi vizuri tu, basi mkonge mkubwa na kichaka vinafanana. Kinachotofautika wazi ni mkonge mchanga na kichaka. Iliyonisaidia zaidi ni ile ya Wajapani, ALOS PALSAR, yenye mawimbi marefu yanayopenya majani yakafika kwenye mashina na matawi. Wanatoa mosaiki, yaani picha zilizounganishwa, za kila mwaka za mita 25, bure. Palipoota mwarobaini wa unene wa paja, unaona mwaka hadi mwaka panazidi kung'aa.

Pikipiki_Site

Naomba niulize kishamba. Hayo mashamba yako pale pale, hayahami. Bodaboda kutoka mjini ni elfu kadhaa. Kwa nini msiende tu mkaona?

Ramani_Mbichi

Swali halali kabisa. Kwa shamba moja, panda bodaboda. Kwa makumi ya mashamba yenye maelfu ya hekta kila moja, ukipita barabarani unaona ukingo tu, na ukingo ndio wanaousafisha wakisikia wageni wanakuja. Nimekuta sehemu mkonge umepandwa mistari sita kando ya lami, unapendeza, nyuma yake simba angeweza kuzaa.

Setilaiti inakuambia wapi upande bodaboda. Haikuondolei safari, inakupunguzia.

Mchungwa_Mtamu

Mimi ni mtu wa Muheza na nina jambo na nyie watu wa ramani. Mnazungumza "limetelekezwa, limetelekezwa". Na nani? Mwenye hati aliondoka, sawa. Sisi hatukuondoka. Mama yangu amelima mahindi na mihogo ndani ya shamba la mkonge lililokufa tangu sijazaliwa. Kuna michungwa mle ndani yenye umri wangu. Anakuja mtu na laptopu, anaona kijani, anaandika pori. Karatasi inapanda juu, inashuka na mwekezaji. Ukiuliza unaambiwa ramani inaonyesha hapakuwa na mtu.

Kwa hiyo kabla ya kidonda chako, niambie mama yangu umempaka rangi gani.

Ramani_Mbichi

Dada yangu (au kaka, samahani), mara ya kwanza sikumpaka rangi yoyote. Alikuwa ndani ya "hai, hali nzuri". Ramani ya pili nusura nimwandike "kichaka", kwa sababu mihogo na mahindi vina mawimbi yale yale ya masika na vuli. Ni tatizo la kweli na sitalifunika.

Nilichokifanya ni hiki. Shamba la mwananchi nalo lina kidonda, kidogo, cha kila mwaka: analima kabla ya mvua za masika, udongo unaonekana kwa wiki chache kati ya Februari na Machi, kisha unafunikwa. Na kingo zake hazijanyooka. Nilichukua Sentinel-2 za wiki hizo tu nikatafuta madoa ya udongo ya robo ekari, nusu ekari, ndani ya kile nilichokiita pori. Yakajitokeza mengi mno, kama upele. Nikalazimika kuongeza kundi la tatu kwenye ramani: "mwenye hati hayupo, ardhi inatumika". Aliyenipa kazi hakulifurahia kundi hilo, alitaka mawili. Nikamwambia mawili hayapo.

Michungwa nilishindwa. Mchungwa ni wa kijani mwaka mzima, kutoka juu mchungwa na mwembe wa porini sikuweza kuvitofautisha kwa mita 10. Hiyo niliipata kwa kutembea na kwa kuuliza, na kwa picha za Google Earth zenye ung'avu, ambamo miti iliyopandwa kwa nafasi sawa inaonekana kama vifungo vya shati.

Mchungwa_Mtamu

Dada. Na asante kwa kundi la tatu. Lakini limefika kwenye karatasi ya mwisho?

Ramani_Mbichi

Nililiandika kwenye ramani na kwenye maelezo. Karatasi ya mwisho sikuiona mimi.

Mchungwa_Mtamu

Ndivyo nilivyofikiri.

Wakili_Porini

Niongeze upande wa sheria maana watu wanachanganya. Ardhi yenye hati iko chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na rais ndiye mwenye mamlaka ya kuifuta miliki kwa kukiuka masharti, ikiwemo kutoendeleza. Kunatanguliwa na notisi na hatua kadhaa. Ramani ya setilaiti haifuti hati ya mtu, inaweza kuwa kielelezo tu. Ardhi ya kijiji iko chini ya Na. 5 ya mwaka huo huo, na humo kutelekeza kunahesabiwa kwa miaka mitano bila kutumia, na kupumzisha ardhi kunahesabiwa kuwa ni matumizi. Hilo la kupumzisha wengi hawalijui. Bibi akiacha kipande chake kikae majani miaka mitatu udongo upate nguvu, hajakitelekeza.

Sasa niambie mkuu, setilaiti inajuaje kama bibi amepumzisha au amehama?

Ramani_Mbichi

Haijui. Inaona miaka, haioni nia ya mtu.

Bikoni_Haing'oki

Na hata miaka inapiga chenga. Kuna utafiti uliotoka 2022 uliofuatilia maeneo 11 ya dunia kwa Landsat, 1987 mpaka 2017. Sehemu kubwa ya ardhi iliyoonekana kuachwa ilirudi kulimwa kabla haijafikisha umri wa msitu. Mtu anapopiga picha mwaka mmoja akasema "pameachwa", anakuwa amepiga picha ya mtu anayepiga mwayo akasema amelala.

Pwani_Kilifi

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Huku kwetu ukipita barabara ya Mombasa kwenda Malindi, pale Vipingo unaona mkonge wenye mistari safi kabisa, hai. Shida yetu ni minazi na mikorosho. Mnazi unaotunzwa na mnazi wa mwenye shamba aliyehama zamani, kutoka juu ni kichwa kile kile. Na hadithi ya dada wa Muheza huku inaitwa maskwota, tunaijua tangu enzi za babu zetu. Umejaribu hii mbinu ya kidonda kwa minazi?

Ramani_Mbichi

Haifai, ndugu yangu. Mnazi haupandwi upya kila baada ya miaka kumi na mbili, unaishi miaka sitini na zaidi, basi utakaa ukisubiri kidonda mpaka ustaafu. Kwa minazi ningeangalia chini yake: wanaotunza hufyeka. Kiangazi chini ya minazi iliyofyekwa panakauka na namba inashuka, iliyoachwa inabaki imeshonana. Ila sijawahi kukaa na mtu wa minazi akanionyesha mti kwa mti, kwa hiyo usinishike kwa hilo.

Kijana_wa_Bloku_Saba

Wakuu mimi si mtaalamu, nimezaliwa ndani ya shamba la mkonge lililokufa, Korogwe. Nimemtumia mleta uzi kwa faragha mahali tunapoishi, nimemwomba atupimie. Sote tunajua lilikufa, tunataka tu kuona setilaiti inasemaje.

Ramani_Mbichi

Nimepitia usiku wa kuamkia leo. Sitaji mahali.

Kuanzia 1999 mpaka leo hakuna bloku hata moja iliyopandwa upya. Grafu ni mawimbi matupu, masika juu, Septemba chini. Rada ya Wajapani inapanda taratibu kwa miaka yote yenye picha, ina maana miti inanenepa. Moto umepita mara tatu upande wa mashariki, makovu yake yanaonekana na yanapona ndani ya mwaka. Vishamba vya wananchi vipo ukingoni mwa mto, vimeongezeka sana baada ya 2010. Hapo hamna mkonge, nakubaliana nanyi.

Ila kuna kitu kimenisumbua mpaka nikachelewa kulala. Pembe ya kaskazini-magharibi, mwaka 2009, kuna kidonda. Kidogo, pikseli tisa za Landsat, kama ekari mbili. Kingo zimenyooka kabisa, pembe nne, si shamba la mahindi. Na hakikupona. Kila mwaka tangu hapo, masika na kiangazi, udongo upo. Nikadhani mwenye hati alirudi akaanza kusafisha kwa majaribio akakata tamaa. Kuna trekta liliingia mwaka ule?

Kijana_wa_Bloku_Saba

Hahaha. Hakuna trekta mkuu. Tulikuwa vijana ishirini na mapanga, tulikata wiki mbili, mzee mmoja akatupimia pembe kwa kamba ya katani.

Ni uwanja wa mpira.